Kitabu Kiko Mezani: Kuvitaja Vifaa vya Darasani kwa Kihispania

Anayeanza kujifunza Kihispania hukutana na darasa kabla ya kukutana na soko, kituo cha basi au jikoni. Katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya wanaoanza huwa pana picha ya chumba chenye ubao, madawati, dirisha na saa ya ukutani, na kando ya kila kitu limeandikwa jina lake: “la pizarra”, “el pupitre”, “la ventana”, “el reloj”. Majina hayo hukaririwa kwa siku mbili tatu, na mwanafunzi hujiona amepiga hatua. Kisha anaombwa aseme jambo jepesi kabisa, kwamba kitabu kiko mezani, na hapo ulimi unakwama. Inampasa achague kati ya “el” na “la”, kati ya “un” na “el”, kati ya “es”, “está” na “hay”, na hakuna hata kimoja kati ya vineno hivyo kilichochorwa pichani.

Makala haya yanahusu hapo panapokwama. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anavyo tayari, ndani ya sarufi ya lugha yake, karibu viungo vyote vinavyohitajika kuunda sentensi hizo, lakini mara nyingi havitumii kwa sababu amefundishwa Kihispania kwa kupitia Kiingereza. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo kwetu si mageni, na hupita kimya pale ambapo sisi huteleza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Arusha au Mombasa hubebeshwa matatizo ya watu wengine juu ya yale yake mwenyewe.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ni sehemu nyepesi. Kihispania kina irabu tano zinazokaribiana sana na zetu, na hazibadiliki hovyo kutoka neno moja hadi jingine. “Mesa”, “goma” na “papel” zinaweza kusomwa na mtoto yeyote aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili. Herufi chache tu zinahitaji tahadhari. V hutamkwa kama b, kwa hiyo “ventana” huanza kama “bendera”. H haitamkwi kabisa, na j hutamkwa kama kh ya “kheri”, ndiyo maana “hoja”, yaani karatasi moja, husikika “okha” na si kama hoja ya mjadala. Ñ ni ny yetu. Ll ya “silla” (kiti) huwa y katika sehemu nyingi, ingawa mtu wa Buenos Aires atasema kitu kinachokaribia “sisha”. Z ya “lápiz” ni s katika Amerika ya Kilatini, na katika sehemu kubwa ya Hispania ni th ya “thelathini”.

Mkazo nao una undugu na wetu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s: “cuaderno”, “pizarra”, “tijeras”. Maneno yanayoishia kwa konsonanti nyingine huweka mkazo mwishoni: “papel”, “reloj”, “borrador”. Alama ndogo inayokaa juu ya irabu huandikwa hasa pale neno linapokiuka mpango huo. “Lápiz” lingepaswa kukazwa mwishoni kwa kuwa linaishia kwa z, lakini halikazwi huko, basi linawekewa alama. “Pizarrón”, jina la ubao huko Meksiko, lina alama kwa sababu linaishia kwa n na bado mkazo uko mwisho; likiwa wingi, “pizarrones”, mkazo hubaki palepale lakini sasa hapo ni silabi ya pili kutoka mwisho, na alama inaondoka yenyewe. Anayeelewa hilo hahitaji kukariri alama neno kwa neno.

Maneno mawili ya darasani hatuhitaji hata kujifunza. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698, na katika muda huo wote maneno yao yaliingia katika Kiswahili na kubaki. “Meza” ilitoka katika “mesa” ya Kireno na “bendera” katika “bandeira”. Kwa kuwa Kireno na Kihispania ni ndugu waliozaliwa na Kilatini, Kihispania nacho kinasema “mesa” na “bandera”. Mzee wa Lamu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha Kihispania akisikia “La bandera está en la mesa” ataambulia maneno mawili makubwa ya sentensi hiyo bila msaada wa mtu.

Sasa tuje kwenye “el” na “la”. Kihispania hugawa nomino zake zote katika makundi mawili, la kiume na la kike, na vitu visivyo na uhai pia vimo humo. Wanafunzi wengi hushangaa dirisha kuwa la kike na daftari kuwa la kiume, na hutafuta sababu ndani ya vitu vyenyewe. Mshangao huo hauna haja kwa mtu aliyekulia katika lugha ya ngeli. Hatujawahi kuulizana kwa nini daftari liko katika ngeli ya LI-YA, kalamu katika I-ZI na kitabu katika KI-VI, ilhali vyote vitatu vinakaa ndani ya begi moja. Tunajua kwamba ngeli ni kamba inayofunga maneno ya sentensi pamoja. Tukisema “kitabu kipya kimepotea”, ile ki- ya mwanzo ndiyo inayoamuru ki- nyingine mbili zilizofuata. Kihispania kinafanya kazi hiyohiyo kwa viambishi vya mwisho: “el libro nuevo” ni kitabu kipya, “los libros nuevos” ni vitabu vipya, “la regla nueva” ni rula mpya na “las reglas nuevas” ni rula mpya nyingi. Badilisha nomino, na vyote vinavyoizunguka vinabadilika.

Mzigo wa Kihispania ni mwepesi kuliko wetu kwa namna mbili. Kwanza, makundi ni mawili tu. Pili, upatanisho huo wa kiume na kike haufiki kwenye kitenzi: “El libro está aquí” na “La regla está aquí” zina kitenzi kilekile, wakati sisi tunalazimika kusema kitabu kiko hapa na rula iko hapa. Kinachobadilisha kitenzi cha Kihispania ni nafsi na umoja au wingi tu.

Kwa kawaida neno linaloishia kwa -o ni la kiume na linaloishia kwa -a ni la kike: “el cuaderno”, “el diccionario”, “la silla”, “la mochila”. Mengine hayajitangazi kwa sura. “El lápiz”, “el papel”, “el pupitre” na “el reloj” ni ya kiume. “La luz” (taa au mwanga) na “la clase” ni ya kike. Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wasiandike kamwe neno tupu katika daftari la msamiati. Anayeandika “pupitre” ameandika nusu ya neno. Anayeandika “el pupitre” ameandika neno zima, kama vile kujua “jicho” bila kujua “macho” ni kujua nusu.

Kisha lipo “el mapa”, ramani, ambalo huwakosesha usingizi wanafunzi wanaopenda kanuni. Linaishia kwa -a, lakini ni la kiume: “el mapa viejo”, ramani ya zamani, wala si “la mapa vieja”. Lugha yetu ina mfano ulio wazi zaidi. Kifaru ana vazi la KI-VI, lakini hatusemi kifaru kikubwa kimelala. Tunasema kifaru mkubwa amelala. Kiongozi na kiboko ni vivyo hivyo. Sura ya neno inatuelekeza upande mmoja na upatanisho upande mwingine, nasi tunafuata upatanisho bila taabu kwa kuwa tumeuzoea. “Mapa” ni kifaru wa darasa la Kihispania, na huzoeleka kwa njia ileile.

Chumba cha darasa chenyewe kina mtego wake. Huitwa “el aula”, na bado ni neno la kike: chumba kidogo cha darasa ni “el aula pequeña”, chumba hiki ni “esta aula”, na wingi wake ni “las aulas”. “El” hutangulia nomino ya kike katika umoja pale nomino hiyo inapoanza kwa a yenye mkazo. Kihistoria, hiyo “el” ni ya kike hasa: Kihispania cha kale kilikuwa na “ela”, na mbele ya irabu a yake ya mwisho ilimezwa, ikabaki “el”. Anayejua hivyo hatashangaa kuona kivumishi kikisema -a wakati kineno cha mbele kinaonekana cha kiume.

Wingi hauna mambo mengi. Irabu huongezewa -s, konsonanti huongezewa -es, na z hugeuka c: “lápices”, “luces”, “papeles”, “relojes”. Kichongeo ni “el sacapuntas”, neno lililoungwa kwa kitenzi cha kutoa na nomino ya ncha kama vile letu lilivyotoka katika kuchonga, na halibadiliki katika wingi: “un sacapuntas”, “dos sacapuntas”. Mkasi wetu ni mmoja, lakini Wahispania kwa kawaida huuona kama vipande viwili, “las tijeras”, hivyo mkasi uliopo mezani “están”, si “está”.

Nimefika sasa mahali penye kiini cha jambo lote, nako ni vitenzi vinne vinavyobeba karibu kila sentensi inayoweza kusemwa kuhusu vifaa vya darasani. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza huambiwa kwamba kuna vitenzi viwili vya “kuwa”, “ser” na “estar”, na kwamba ni vigumu kuvitenganisha. Kwa mwenye Kiingereza ni kweli, kwa sababu lugha yake hutumia neno moja kwa kazi zote mbili. Sisi tumekuwa tukizitenganisha tangu utotoni. Tunasema “hiki ni kitabu”, na tunasema “kitabu kiko mezani”. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema “kitabu ni mezani”. Ile “ni” ya kutambulisha ndiyo “es”, na ile -ko, -po, -mo ya mahali ndiyo “está”. “Es un libro.” Ni kitabu. “El libro está en la mesa.” Kitabu kiko mezani. “¿Dónde está la tiza?” Chaki iko wapi? Mwenye kufikiri kwa Kiswahili wakati anaunda sentensi hizi atapatia bila kukariri jedwali lolote.

Rangi na malighafi hufuata “ni” yetu pia: “La pizarra es verde”, ubao ni wa kijani, “La mesa es de madera”, meza ni ya mbao. Hali inayotokana na tendo lililokwisha kutukia huchukua “está”, na hapo Kiswahili kinatupa kipimo kizuri, yaani kiambishi -me-. Rula imevunjika: “La regla está rota.” Mlango umefungwa: “La puerta está cerrada.” Begi limejaa: “La mochila está llena.” Kila palipo na -me- ya hali, tafuta “está”, na ukumbuke kwamba neno linalofuata hupatana na nomino: “rota” kwa rula, lakini “roto” kwa penseli, kwa kuwa “lápiz” ni ya kiume.

Pale tunapoteleza ni kwenye maneno kama safi, chafu na tupu. Kiswahili kinaruhusu “ubao ni safi”, na mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno huandika “La pizarra es limpia”. Mhispania husema “La pizarra está limpia”, kwa kuwa ubao umesafishwa na baada ya kipindi utachafuka tena. Dawa yake ni kuibadilisha sentensi ya Kiswahili kabla ya kuvuka: ukiweza kusema “umesafishwa” au “umechafuka” bila kuharibu maana, chagua “está”. Mteremko wa pili unahusu matukio. Kifaa kilipo ni “está”, lakini tukio linapofanyika ni “es”. “La clase es en el aula 4” maana yake ni kwamba kipindi kitafanyika katika chumba namba 4. Sisi tungeweza kusema kipindi “kiko” chumba namba 4, na ni -ko hiyo inayotupeleka kombo.

Kitenzi cha tatu ni “hay”, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha lugha mbili zilizo mbali zikifikiri kwa njia moja. “Kuna” yetu imeundwa kwa ku- ya mahali na “na” ya umilikaji: mahali pana kitu. “Hay” nayo iliundwa kwa “ha”, umbo la kitenzi “haber” ambacho zamani kilikuwa na maana ya kumiliki, na “y”, neno la kale lenye maana ya “hapo”. Mahali pana kitu. Kama “kuna” isivyobadilika kwa wingi wa vitu, “hay” haibadiliki pia: “Hay una ventana”, kuna dirisha, “Hay muchas sillas”, kuna viti vingi, “No hay tiza”, hakuna chaki.

Kanuni kuu ya “hay” ni kwamba haifuatwi na “el” wala “la”. Hatusemi “Hay el libro en la mesa”. Kanuni hii huonekana ngumu kwa mtu anayeamini kwamba Kiswahili hakina njia ya kutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana, lakini njia hiyo tunayo, nayo iko katika mpangilio wa maneno. “Kuna kitabu mezani” humpa msikilizaji habari ya kitabu ambacho hakukitarajia. “Kitabu kiko mezani” hujibu swali lake kuhusu kitabu ambacho wote wawili wanakijua. Ya kwanza ni “Hay un libro en la mesa”, ya pili ni “El libro está en la mesa”. Kuna huenda na “un”, “una”, hesabu au “muchos”. Kiko huenda na “el” na “la”, au na “mi”, kitabu changu.

Kitenzi cha nne ni “tener”, kuwa na. “Tengo un cuaderno”, nina daftari. “¿Tienes un bolígrafo?”, una kalamu ya wino? Hapa nafsi inakaa mkiani mwa kitenzi ilhali yetu inakaa kichwani: ni-, u-, a-, tu- kwetu, “tengo”, “tienes”, “tiene”, “tenemos” kwao. Kwa kuwa nafsi imeshasemwa ndani ya kitenzi, hakuna haja ya kutanguliza “yo”, kama vile hakuna haja ya kusema “mimi nina daftari” isipokuwa kwa kusisitiza. Katika kukanusha na kuuliza mara nyingi hata “un” huachwa: “No tengo lápiz”, sina penseli.

Kuhusu kitenzi hiki lipo onyo ambalo vitabu vya wanaoanza hulionea haya, nami naona ni vibaya kulinyamazia. “La regla” ni rula, lakini kwa lugha ya kila siku ni hedhi pia, na “tener la regla” ni kuwa katika siku za hedhi. Mvulana anayemgeukia msichana wa dawati la jirani na kumuuliza “¿Tienes la regla?” amemuuliza jambo la siri yake, hata kama alitaka tu kupiga mstari. Aseme “¿Tienes una regla?” au “¿Me prestas la regla?”, na hakuna atakayeumia. Kineno kimoja, “una” mahali pa “la”, kimebeba tofauti yote.

Katika kueleza mahali kitu kilipo, Kiswahili kinatusaidia tena. Kiambishi -ni hakijali kama kitu kiko juu au ndani: mezani ni juu ya meza, mkobani ni ndani ya mkoba. “En” ya Kihispania ni hivyohivyo: “en la mesa”, “en la mochila”. Tunapotaka kufafanua zaidi tunasema juu ya, chini ya, kando ya, nyuma ya, mbele ya, ndani ya, na Kihispania kinasema “encima de”, “debajo de”, “al lado de”, “detrás de”, “delante de”, “dentro de”. Ile “ya” na ile “de” zinakaa mahali pamoja na kufanya kazi moja. Jambo jipya ni kwamba “de” ikikutana na “el” huungana nayo kuwa “del”: “La goma está debajo del cuaderno”, kifutio kiko chini ya daftari, lakini “debajo de la silla” hubaki wazi, kwa sababu “la” haiungani.

Mpangilio wa maneno ndani ya kirai nao hutupendelea kwa upande mmoja na kutuangusha kwa upande mwingine. Kivumishi cha rangi au sifa hufuata nomino, kama kwetu: “el lápiz rojo”, penseli nyekundu, “una mochila grande”, begi kubwa. Lakini vimilikishi, vioneshi na hesabu, ambavyo sisi huviweka nyuma, hutangulia: “mi libro”, kitabu changu, “tres libros”, vitabu vitatu, “este libro”, kitabu hiki. Mazoea yanavuta mkono kuandika “libro mi”, na linalosaidia ni kurudia sentensi kwa sauti mpaka sikio likatae.

Vioneshi hivyo vina utajiri ambao wanafunzi wetu huupoteza bila kujua. Kiswahili kina hiki, hicho na kile. Kihispania kina “este”, “ese” na “aquel”: kilicho karibu nami, kilicho karibu nawe, kilicho mbali nasi sote. Kiingereza kina viwili tu, na anayepitia huko hufika na viwili tu, akabaki akijiuliza “ese” ni ya nini. Weka daftari moja mkononi mwako, moja mkononi mwa mwenzako na moja kwenye kabati la nyuma, na useme: “este cuaderno”, “ese cuaderno”, “aquel cuaderno”. Daftari hili, daftari hilo, daftari lile. Hakuna kilichobaki kuelezwa.

Kitu ambacho jina lake bado hatulijui huitwa “esto”, umbo lisilo la kiume wala la kike. Sisi tunatumia hiki, kwa kuwa tunawaza “kitu”, hata kama jibu litakuwa la ngeli nyingine: “¿Qué es esto?” “Es una regla.” Hiki ni nini? Ni rula.

Heshima Kihispania huiweka ndani ya kitenzi. Sisi humwamkia mwalimu shikamoo kisha tukamwambia “una chaki?” kwa nafsi ileile tunayomwambia rafiki, heshima ikiwa imekwisha kutolewa katika salamu na katika neno “mwalimu”. Katika Kihispania rafiki huulizwa “¿Tienes tiza?” na mwalimu “¿Tiene tiza, profesora?”, ingawa nchini Hispania wanafunzi wengi siku hizi huwaambia walimu wao “tienes”, na nchini Kolombia “tiene” husikika hata kati ya marafiki. Mgeni asiyejua desturi ya mahali aanze na “tiene”.

Kuomba kifaa kuna ugumu wake kwetu. Katika mazungumzo ya kila siku “kuazima” huenda pande zote mbili: naazima kwako, nawe unaniazima. Kihispania kinatenganisha. “Prestar” ni kumpa mtu kwa muda. Anayepokea husema “pedir prestado”. Kwa hiyo ombi la kawaida ni “¿Me prestas un lápiz, por favor?”, na ukiitazama vizuri utaona “me” imetangulia kitenzi kama -ni- inavyotangulia mzizi katika “unaniazima”. Ombi likiwa la kuamrisha, “me” huhamia nyuma na kushikamana na kitenzi: “Préstame la goma”, niazime kifutio. Na anayeulizwa “¿Tienes la goma?” hujibu “Sí, la tengo”, wakati anayeulizwa “¿Tienes el cuaderno?” hujibu “Sí, lo tengo”. “La” na “lo” hufuata nomino iliyotajwa, kama sisi tunavyojibu “ninacho” kwa kifutio na “ninalo” kwa daftari. Sijapata kuona jambo jingine la Kihispania ambalo Mswahili hulielewa haraka hivi akionyeshwa kwa lugha yake mwenyewe.

Limebaki suala la majina yenyewe, ambayo hayatulii. Nchi 20 huendesha shughuli zao rasmi kwa Kihispania, moja ikiwa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, na katika nchi hizo hakuna kifaa chenye majina mengi kama kalamu ya wino. Hispania ni “bolígrafo”, Meksiko ni “pluma”, Peru ni “lapicero”, Kolombia na Ekuador ni “esfero”, Uruguay ni “lapicera”. Argentina husema “lapicera” na pia “birome”, jina lililounganishwa kutoka Bíró na Meyne: László Bíró, Mhungaria aliyehamia huko na kuisajili kalamu yake mwaka 1943, na mshirika wake. Ubao ni “pizarra” Hispania, “pizarrón” Meksiko na Argentina, “tablero” Kolombia. Chaki ina safari ya ajabu zaidi: “tiza” ni neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, lililovuka bahari hadi Hispania, wakati Wameksiko wenyewe leo husema “gis”, lenye asili ya Kilatini. “Borrador” huwa kifutio cha ubao kwa wengine na cha penseli kwa wengine, na “carpeta”, ambayo sehemu nyingi ni jalada la kuwekea karatasi, nchini Peru ni dawati la mwanafunzi.

Hakuna anayeweza kuyabeba yote hayo kwa mkupuo, wala hakuna haja. Jifunze seti moja ya nchi moja, kwa “el” na “la” zake, na ujue sentensi moja ya kuulizia zilizobaki. Inyanyue kalamu, umwonyeshe mwenyeji wako, uulize: “¿Cómo se llama esto aquí?” Hiki kinaitwaje hapa? Akijibu “esfero” peke yake, muulize tena, “¿El esfero o la esfero?”, na uandike alichosema pamoja na kineno chake.